Familia Inajiweza

16 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta magoti yametulia na lile jicho la kushoto limeacha ukaidi. Mimi huku mzima. Duka la dawa ni lilelile: wateja wanakohoa, sisi tunahesabu vidonge. Mwenye nyumba wangu amepaka ngazi rangi ya kijani, mbaya ajabu, na kila tukipita anatusimamisha tuisifu. Nisalimie Dada na wanawe.

Uliniuliza Jumamosi zangu nazimalizia wapi. Nikwambie kabla hujanitafutia mchumba. Nimejiunga na shirika linalosomesha watoto wa familia zisizojiweza. Silipwi, najitolea. Asubuhi tunasoma na wadogo katika ukumbi wa kukodi, mchana tunatembelea nyumba. Watoto waliofaulu darasa la saba lakini kwao hali ni ngumu, shirika linawapeleka sekondari na kuwagharamia mpaka wamalize. Mwezi uliopita nilipewa nyumba kumi na moja. Unaingia, unakaa, unauliza, unatazama, kisha unajaza fomu. Nafasi zangu zilikuwa nane. Mratibu wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alituambia, "Tumieni macho na masikio. Mdomo wa mtu mwenye shida hauna mpangilio."

Nikiwa natembea na fomu zangu kwapani nilikukumbuka sana. Mimi nami nilichaguliwa. Ulikuja ukanishika mkono, na bila mkono ule sijui leo ningekuwa nani. Wanane wangu wamekwisha kwenda shule. Niliwaona siku ya kuondoka, kola zimesimama, viatu vinalia. Nilijisikia mtu mbele ya watu.

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba tena. Nimeipata barua yako na nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili jirani asikie huko aliko. Fundi cherehani aliyekushonea sare ya kwanza ameshazeeka, sasa anatunga uzi kwa kubahatisha, lakini nimemwendea nikamwambia: yule mtoto wangu sasa ndiye anayewavisha wengine sare. Alifurahi mpaka akakohoa.

Dada yako alikuwepo nilipokuwa naisoma. Alikuwa ananichana nywele. Akaendelea kuchana, unamjua alivyo. Anakuja kila siku akitoka kufua mashuka ya nyumba ya wageni, ananipikia uji, ananikatia kucha. Wanawe wazima.

Nisamehe mistari yangu inapanda mlima. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, wanataka kulipasua. Mtoto mwenyewe nilimtafuta miaka yote sikumpata, uzeeni ananijia jichoni. Na simu usinipigie tena, masikio haya yanachukua nusu ya neno yanaacha nusu. Barua ndiyo dawa.

Mambo ya mimi kukushika mkono yaache yalale. Ya kale yamepita. Lakini nikuulize. Nyumba kumi na moja, nafasi nane. Wale watatu hukuwataja.

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekawia kujibu, tulikuwa na ukaguzi wa dawa kazini. Nimefurahi daktari amesema jicho linatibika. Usiogope kisu, wanakutia ganzi, unasikia tu watu wanazungumza juu ya chakula chao cha mchana.

Uliuliza juu ya wale watatu. Wawili walikuwa na ndugu walioahidi kuwasomesha, na kweli wanasoma. Wa tatu ni msichana. Nilipoingia kwao nilikuta makochi mapya yamejaa sebule yote, hata pa kupita hapakuwa. Nikaandika kwamba wanajiweza. Kumbe baba yake ni fundi makochi, na yale ni ya wateja. Mtu yeyote angekosea.

Nisingekuwa na la kusema zaidi, ila wiki mbili zilizopita yule baba aliingia dukani kwetu. Alikuwa amejigonga kidole gumba kwa nyundo, anataka plasta. Aliponiona alivua kofia. "Mwalimu!" akasema. Mimi si mwalimu, lakini ndivyo wanavyotuita. Akauliza habari za nyumbani, habari za kazi, kisha akainama kidogo juu ya kaunta kama mtu anayeuliza siri. "Ile karatasi yetu imefikia wapi?"

Shangazi, hakuna aliyemwambia. Tuliochagua tuliwaita waliochaguliwa tu. Yule mtu tangu Januari anasubiri.

Nikamwambia, "Bado inashughulikiwa."

"Hakuna tabu," akasema. "Subira yavuta heri. Binti anarudia vitabu vyake vya darasa la saba, asije akasahau."

Akatoka na plasta yake. Sikuwahi hata kumfunga kile kidole.

Mwanao

4 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Nimepangiwa kupasuliwa jicho tarehe ishirini na mbili mwezi huu, kwa hiyo barua yangu nyingine itakawia. Yule jirani mwenye redio amehama, sasa kimya kimekuwa kingi mpaka nasikia mifupa yangu.

Juu ya huyo fundi, nisikilize. Funika kombe mwanaharamu apite. Maji yakimwagika hayazoleki. Atakayechagua lazima ataacha, ndivyo kuchagua kulivyo, na ukikaa kuhesabu uliowaacha hutafaidi hata mmoja kati ya uliowachukua. Una wanane wanaosoma. Watazame hao. Ukienda kujishtaki utamsaidia nani? Nafasi imekwisha jaa. Utajivua nguo hadharani, na yule mtoto atabaki palepale alipo.

Baba akija tena mpe plasta, mpe na neno zuri. Atachoka mwenyewe kuuliza. Watu huchoka.

Mimi najua ninachokisema. Usinijibu kwa hilo, nijibu kwa mengine.

Shangazi yako

25 Mei

Shangazi,

Shikamoo na pole sana ya kisu. Siku ya tarehe ishirini na mbili nilikuwa kazini lakini akili ilikuwa kwako. Nilimpa mteja dawa ya mba badala ya dawa ya minyoo, bahati akasoma kwanza.

Ulisema nisikujibu kwa lile. Samahani, nakujibu kwa hilohilo.

Katika barua ya mwezi wa nne nilikwambia mtu yeyote angekosea. Nilikudanganya. Fundi aliniambia nikiwa bado nimesimama mlangoni: "Mwalimu, usione hivi, haya yote ni ya watu. Sisi wenyewe tunakalia ndoo." Akageuza ndoo akaikalia. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini ilikuwa nyumba ya kumi na moja. Kiatu kilikuwa kimenichubua kisigino. Na nafasi nane nilikuwa nimekwisha kuzigawa moyoni kwa wale niliotangulia kuwaona, walionikaribisha kwa kicheko, mmoja aliniimbia. Huyu binti hakunisalimia hata. Alikuwa amebana misumari midomoni, anampa baba yake mmoja mmoja, ananitazama. Nikasema moyoni, ana kiburi. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wote kumi na mmoja, zilikuwa hapo kwenye fomu, mbele ya macho yangu. Nikaandika, "Familia inajiweza. Sebule ina makochi sita mapya." Kalamu haikukwama.

Baba yake amekuja tena mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza, nikajibu yaleyale. Mara ya pili, wiki iliyopita, hakuuliza. Alinunua dawa ya kichwa. Ilibidi niulize mimi: "Binti hajambo?" Akasema amemtafutia kazi mji mwingine, analea mtoto wa watu. "Karatasi ikijibu tutamwita," akasema. Alisema vile kunifariji mimi, Shangazi. Nilimwona.

Sasa nikuulize lililo moyoni siku nyingi. Siku ile ulipokuja kwetu baada ya msiba wa Baba, tulikuwa wawili. Mimi miaka mitano, Dada tisa. Yeye ndiye aliyekuwa akisoma, yeye ndiye aliyejua kuandika. Kwa nini ulinichukua mimi? Watu wote wanasema Dada alikataa kuondoka. Nimejaribu kukumbuka akikataa, sikumbuki.

Barua hii usimwoneshe Dada.

Mwanao

15 Juni

Mdogo wangu,

Shangazi anasema marahaba. Anasema jicho limepasuliwa salama, limefungwa, na lile lingine halioni karatasi. Anasema utulie. Anasema hawezi kuandika mpaka daktari aruhusu.

Anasema swali lako amelisikia.

Mwandishi wa barua hii ni mimi dada yako. Watoto hawajambo. Sina la kuongeza.

29 Juni

Shangazi, na Dada kama ndiye anayesoma,

Shikamooni nyote. Nimepata barua yenye mwandiko wa Dada. Niliifungua nimesimama kaunta, na mteja akaniuliza kama nimefiwa.  Dada, kama ni wewe unayesoma, nilitaka kuuliza kwa wema. Najua si kisingizio.

Nimekwenda kwa mratibu. Nilimsimulia yote, hata la ndoo, hata la misumari. Alinisikiliza huku akipanga kalamu zake. Mwisho akasema, "Makosa yapo. Mwaka wa masomo umefika nusu, sina nafasi. Mwakani tutamweka wa kwanza. Hakuna haja ya kuandika."

"Nataka iandikwe," nikasema.

"Ikiandikwa, wewe hutembelei nyumba tena."

"Nisitembelee."

 Akatoa fomu ya zamani kwenye faili, akaisukuma kwangu pamoja na kalamu nyekundu. Nilikata sentensi zangu mbili, nikaandika juu yake nilichoambiwa na nilichofanya, nikatia saini. 

Kisha nilikwenda kwa fundi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Alikuwa amepiga magoti anapigilia kitambaa nyuma ya kochi, msumari na nyundo, na alinikaribisha bila kusimama. Nikamwambia kwamba karatasi ilijibiwa Januari. Kwamba ilijibiwa na mimi. Kwamba nilipomwambia inashughulikiwa, nilisema uongo, mara mbili.

Akapigilia msumari mmoja. Akapigilia mwingine. Kisha akasema, "Lakini nilikwambia."

"Uliniambia."

"Nilikwambia ni ya watu."

Hakunifukuza. Nilisimama pale kama mwizi anayesubiri kelele, na kelele hazikuja. Afadhali angenitukana. Nilipotoka alikuwa bado anapigilia.

Mwanao

24 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Daktari ameniruhusu kuandika kwa nusu saa tu kila siku, kwa hiyo barua hii nimeiandika siku nne. Jicho limefunguka. Nilichokiona cha kwanza ni mikono ya dada yako. Imechubuka kwa sabuni, kucha zimekwisha. Miaka yote mikono hiyo inanichana, na mimi nilikuwa sijaitazama.

Kwanza nikwambie ilivyokuwa siku ya barua yako. Ilifika siku kumi baada ya kisu. Nikamwambia, "Nisomee, mwanangu anasema nini." Akasoma shikamoo, akasoma dawa ya mba, tukacheka. Akasoma habari ya fundi. Akafika kwenye swali, akasoma. Akasoma na pale ulipoandika usimwoneshe Dada. Sauti haikupanda wala haikushuka. Alipomaliza alikunja karatasi akasema, "Acha nikaanue nguo, mvua inakuja." Mvua haikuwepo. Jua nilikuwa nalisikia mkononi.

Tangu siku hiyo anakuja, anapika, anafagia, anaondoka. Hajaniuliza. Ndiyo maana sikuandika. Nilikuwa na jicho la kusingizia.

Sasa jibu. Dada yako hakukataa. Alikuwa amefungasha. Alikuwa na daftari zake mbili kwenye mfuko, amekaa kizingitini tangu alfajiri, kwa sababu mama yenu alimwambia, Shangazi anakuja kukuchukua ukasome. Mimi nilipofika nilikuta wewe unacheza na kifuniko cha sufuria. Ukanipa. Nikakubeba. Mwanangu, mimi nilikuwa mwanamke bila mtoto, na mume wangu alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nikapiga hesabu palepale. Huyu wa miaka tisa ana mama yake, hatamsahau kamwe. Huyu wa miaka mitano atasahau. Ataniita mama.

Sikuchukua mtoto wa kusomesha. Nilichukua mtoto wa kuwa wangu, nikaita ni kusomesha.

Mama yenu hakubishana, alikuwa na njaa na matanga. Na watu walipouliza kwa nini nimemwacha mwenye akili, nikasema alikataa, alimlilia mama yake. Nilisema mara moja, kisha wengine wakanisaidia kusema. Neno likawa kweli.

Nilikwambia ufunike kombe kwa sababu langu limefunikwa miaka ishirini na sita. Wewe umenipita. Mtoto niliyemlea kwa uongo ameweza kusema kweli mbele ya fundi, na mimi nashindwa mbele ya mtu anayenikatia kucha.

Shangazi yako

21 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kisha nikaifunga kwa mtandio wangu wa zamani, nikaiweka chini ya godoro kama kitu kinachouma. Nashukuru jicho limepona.

Sijui nikuandikie nini ambacho si hasira na si shukrani. Vyote viwili vipo, vinagombana. Umenilea, umenisomesha, hukuwahi kunilaza njaa. Na kila darasa nililokaa, kulikuwa na mtu mwingine aliyefungasha daftari mbili. Siwezi kukusamehe kwa niaba yake, na wala sidhani kama wewe unaniomba hilo.

Mwambie. Usimwachie ajue kwa kubahatisha. Mimi nimejifunza jambo moja tu kwa fundi, kwamba aliyekosewa anaweza kusubiri miaka akidhani karatasi bado ipo mezani.

Binti amerudi. Baba yake alimfuata mwezi wa saba, hakunieleza lolote, nilisikia tu kwa mratibu. Sasa anakuja Jumamosi ukumbini, anakaa mwisho kabisa, anasoma vitabu vya kidato cha kwanza peke yake ili Januari asiwe nyuma. Ataingia kidato cha kwanza na waliomfuata, amechelewa mwaka mmoja, na mwaka huo nimempotezea mimi. Jumamosi iliyopita nilimsogelea.

"Ninajua wewe ni nani," akasema. Sauti yake nzito, sikuwahi kuisikia.

Nikasema nimekuja kumwomba radhi.

"Uliandika nini? Baba hataki kuniambia."

Nikamwambia neno kwa neno.

Akafikiri, kama mtu anayesahihisha daftari. "Yalikuwa matano," akasema. "La sita lilikuwa fremu tu, halina sponji. Ungekaa ungeanguka." Kisha akarudi kwenye kitabu chake. Nilisubiri. Hakuinua kichwa tena, na sioni kwa nini angeinua.

Sitembelei nyumba siku hizi. Nafagia ukumbi, napanga viti, nawasikiliza wadogo wakisoma. Inatosha.

Mwanao

2 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Hapa mvua zimeanza kweli safari hii. Yule fundi cherehani anaumwa kifua, wanawe wamekuja. Jicho linaona mpaka nzi aliyeko dirishani kwa jirani, hasara tupu.

Nilimwambia. Nilimkalisha mbele yangu, nikamzuia asishike chanuo, nikasema kama nilivyokuandikia wewe, la kizingiti, la daftari, la kifuniko cha sufuria. Nilitegemea atasema alikuwa anajua. Nilikuwa nimejiliwaza hivyo, kwamba moyoni anajua, ananistahi tu.

Aliiweka mikono magotini. Kisha akaniuliza, "Sikukataa?"

"Hukukataa."

"Nimewaambia watoto wangu kwamba nilikataa," akasema. "Kila wakikataa kwenda shule nawaambia, tazameni mama yenu, alikataa akiwa mdogo, sasa anafua mashuka ya wageni. Nimejilaumu mimi, Shangazi. Niliwaamini nyinyi kuliko ninavyojikumbuka."

Akatoka. Siku kumi na moja hakuja. Nilijipikia, nikajichana vibaya, nikaona ndivyo inavyopasa. Siku ya kumi na mbili alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Uliowaambia, kawaambie tena."

Nikasema, "Wengi wamekufa."

"Waliobaki."

Tukahesabu waliobaki. Walipatikana sita. Jana tulianza, mimi na fimbo yangu, yeye nyuma yangu hatua mbili, hakunishika mkono hata kwenye tope. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule fundi cherehani. Alikuwa amelala, wanawe wamemzunguka, na niliona haya kusema mbele ya vijana, lakini nikasema. Nikamwambia, ulipokuwa ukipima sare ya mdogo uliniuliza mkubwa yuko wapi, nikakujibu amekataa. Ulikuwa uongo wangu. Alikuwa tayari. Nilimwacha kwa kutaka kwangu mwenyewe.

Mzee alimtazama dada yako, akatikisa kichwa.

Nikageuka tuondoke. Dada yako alikuwa bado amesimama mlangoni, hajanipisha.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Hukusema kwamba nilikimbia nyuma ya gari mlipoondoka."

Nikarudi nikakaa, nikasema na hilo.

Shangazi yako